Maji Masafi ya Mwenyekiti

Mimi nina hasira za karibu, na sifichi. Lakini Jumamosi ile hata mtu mpole angewaka.

Ukumbini kwetu mtaani vijana hujifunza sayansi kwa mikono yao, nami ndimi mwalimu wao. Siku hiyo walikuwa wanatengeneza machujio: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, pamba mdomoni, mkaa uliotwangwa, mchanga, kokoto. Binti wa kaka yangu, kwa pupa zake, hakuuosha mkaa. Maji ya dimbwi yakaingia ya kahawia, yakatoka meusi tii.

"Safi sana!" nikamwambia. "Sasa umejua kwa nini mkaa unaoshwa. Mwaga, anza upya."

Mwenyekiti wa ukumbi akanivuta pembeni. Wafadhili walikuwa wanashuka kwenye gari. "Dada, usituaibishe."

"Aibu gani? Mtoto anajifunza!"

Akamtuma binti kuleta viti, mimi nikatoka kuchota maji mengine ya dimbwi. Kurudi, wageni wanapiga makofi, na kikombe chini ya lile chujio kimejaa maji maangavu. Chini ya meza kulikuwa na chupa tupu ya maji ya dukani. Lo!

Binti, maskini, hakujua kitu. Akanirukia. "Shangazi, limekubali! Bibi hachemshiwi tena maji. Leo leo namchujia!"

Bibi huyo ni mama yangu. Ametoka hospitali juzi, kuhara kumemwacha mifupa mitupu. Nilishawaambia vijana kwamba hata maji yaliyochujwa vizuri lazima yachemshwe, lakini nani atakumbuka maneno yangu akiona maji yanang'aa vile?

"Umetia nini humu?" nikamfokea mwenyekiti, wageni wakisikia.

"Punguza jazba, dada. Maji ni maji. Watoto wamefurahi."

"Furaha yako itaniulia mama!"

Nikamwaga yale ya kikombe, nikamimina ya dimbwi kwenye chujio mbele ya kila mtu. Yakatoka meusi vilevile. Midomo ya binti ikaanza kucheza. Nilijua nimemvunja moyo hadharani, na hilo likanizidishia hasira.

Lakini hakulia. Akakichukua kikombe, akampelekea mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu, baba," akasema. "Kunywa wewe kwanza, ndipo nimpelekee bibi."