Nguruwe wa Champaklal

Mwaka ule sisi wa Shinyanga tulipokuwa tukipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, Champaklal alikuwa akitafuta nguruwe. Si wa kula. Yeye hali hata yai. Alitaka kidau cha wino cha shaba chenye umbo la nguruwe, cha enzi za Wajerumani. Tayari alikuwa na simba, kobe, bundi na ngamia, vidau vyote, vikavu vyote, maana hata makarani wa pamba walishaacha wino wa kuchovya. Rafu za duka lake hazikuwa na kingine cha maana.

Nyumba ile ililishwa na mkewe, Induben. Alishona sare za shule kwa cherehani aliyokuja nayo kutoka kwao alipoolewa. Mimi mpangaji wao wa uani niliisikia ikilia kutwa. Mwanamume mzima na masharubu yake anakula jasho la mkewe, halafu anamlaumu kwa kelele!

Nguruwe alikuwa kwa jirani yetu Firoz, muuza vyombo, aliyemkuta kwenye mizigo aliyonunua kwa Mgiriki mmoja wa Geita. Mkewe, Sherbanu, alikataa katakata najisi hiyo isiingie nyumbani mwake, ikabaki stoo ndani ya gunia ikisubiri wa kuitupa. Champaklal angesema tu "nipe," angepewa na kushukuriwa juu. Lakini mfanyabiashara wa aina yake haonyeshi anachokitaka. Akasifu sufuria, akaponda mabeseni, mwishowe akatoa cherehani ya mkewe kwa "lile gunia la takataka." Firoz akapokea haraka. Champaklal akarudi amevimba kichwa, mpumbavu yule.

Sherbanu alipoitambua cherehani, alimgombeza mumewe, akamwita Induben.

"Dada, mali yako hii. Ichukue."

"Nikiirudisha kule ataitoa tena," alisema Induben. Akahamia kwa Sherbanu na sanduku lake la nguo, akawa anashonea barazani.

Jumapili Champaklal akaja, amenyoa, amevaa shati jeupe. Mimi nilikuwa pale napimwa gauni. Induben akaacha kushona, akasimama, akajitanda sari vizuri kichwani. Niliona wazi kwamba neno moja tu lingemrudisha, na roho iliniuma.

Champaklal akampita.

"Firozbhai," alisema, "yule nguruwe hana kifuniko. Hebu nitazamie stoo."

Induben akaketi, akaanza kukanyaga cherehani.