Wa Kuinua Pua

Baba yangu alikuwa na ndege moja. Mabawa yake yalifika mita mbili na ushee, na puani ilikuwa na injini ya petroli ya silinda moja, ndogo kuliko ngumi mbili zikiunganishwa. Aliirusha kwa rimoti kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali, pamoja na wazee wenzake wanne waliokuwa na ndege zao. Mimi nilikuwa mtu wake wa kuinua pua.

Asiyejua kazi hii ataona ni ya kipuuzi, kwa hiyo naieleza. Kwenye ubavu wa kabureta kuna skrubu mbili ndogo, moja ya mwendo mdogo, moja ya mwendo mkubwa. Ukizifungua sana, injini inatoa moshi na kugugumia. Baba alisema imevimbiwa. Ukizikaza sana inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Hapo alisema ina njaa. Ubaya ni kwamba injini yenye njaa, ikiwa bado iko chini, ndiyo inayolia vizuri kuliko zote. Sauti inakuwa nyembamba, safi, mpaka mgeni anataka kupiga makofi. Ikifika juu inazimika. Ndiyo maana, kabla ya kuruka, mtu anaikumbatia ndege kutoka nyuma ya mabawa, injini ikiwa imefunguliwa mafuta yote, anainua pua mpaka itazame mbingu, na anaishikilia hapo kwa muda wa pumzi kumi. Kama ina njaa, sauti itashuka. Inashuka kidogo tu, na ukikosa kuisikia hapo utaisikia juu.

Nilianza nikiwa kidato cha kwanza. Mama alikuwa ameshakataa. "Mimi sikuolewa nikumbatie panga linalozunguka," alisema, na hakuja uwanjani hata siku moja. Basi nilifunga kitambaa kichwani, nikavaa miwani ya Baba ya kazini, nikaikumbatia. Upepo wa propela ulinipiga usoni pamoja na harufu ya mafuta. Baba alisikiliza kwa masikio, mimi nilisikia kwenye mbavu. Injini iliyoshiba inatetema kwa uzito. Yenye njaa inatetema kwa haraka, kama mtu anayeficha baridi. Mara nyingi nilitikisa kichwa kabla Baba hajanyoosha mkono kwenye skrubu. Akafungua kiasi cha unywele, tukajaribu tena.

Sifa hakuwa nazo mdomoni. Ila siku moja nilimsikia akimwambia Posta, rafiki yake aliyestaafu kazi ya kugawa barua, "Bila huyu binti mimi sirushi kitu." Nilikaa na maneno hayo miaka kumi na zaidi. Nikaajiriwa duka la dawa, nikawa namletea bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia oili, mililita thelathini kwa kila lita ya petroli, wala hakuna Jumapili niliyokosa.

Kisha nikaolewa. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mikono safi. Baba alimpenda kuliko nilivyotarajia. Nilipofika mwezi wa nne wa ujauzito, aliniita pembeni.

"Sasa mama, pumzika. Moshi huu si wa mtoto. Mkwe atainua."

Ilikuwa haki, na nadhani ndiyo maana iliniuma zaidi, kwa sababu sikuwa na pa kulalamikia.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Nikangoja niitwe. Jumapili zikapita. Wao wawili waliondoka asubuhi na ndege nyuma ya gari, mimi nikabaki nachemsha chupa za maziwa. Mume wangu alirudi adhuhuri anang'aa.

"Leo baba kanifundisha kusoma plagi ya injini," alisema. "Ukiichomoa, ikiwa rangi ya chai ya maziwa, injini iko sawa. Ikiwa nyeupe, ina njaa. Nyeusi..."

"Imevimbiwa," nikasema.

"Kumbe unajua!"

"Najua tangu nina miaka kumi na minne."

"Basi hongera yetu," alisema, akacheka, akambeba mtoto. Mimi nikaisugua ile chupa mpaka brashi ikapinda.

Wapo wanawake wanaonusa shati la mume kutafuta manukato ya mwingine. Mimi nilinusa kutafuta oili ya Baba. Nikiikuta, roho iliniuma siku nzima. Nikikosa kuikuta, nilifurahi kwamba hawakurusha. Nilimwonea wivu mume wangu kwa ajili ya baba yangu mwenyewe, na jambo kama hilo humwambii mtu. Nilimwambia Mama nusu yake. Akanishangaa.

"Wanaume wawili wanacheza na mdoli wao. Wewe kinakukera nini? Si umepata nafasi ya kulala?"

Siku moja nikajikaza, nikamwambia Baba mbele ya chakula, "Jumapili hii nitainua mimi."

Hakunitazama. Alikuwa na tabia hiyo mpya, ya kutazama sahani mtu anaposema. Nikarudia kwa sauti. Akasema, "Mkwe ana mkono wa nguvu. Wewe una mtoto."

"Mwache apumzike, baba," mume wangu akadakia. "Mimi nipo."

Alisema kwa wema. Nilimchukia kwa wema huo mpaka usiku.

Jumapili yenyewe nikaenda hivyo hivyo, bila kualikwa, mtoto wa miezi saba mgongoni. Mume wangu na Baba walikuwa wameshafika. Waliponiona walitazamana, kisha Baba akamwita mume wangu karibu, akamnong'oneza. Nikajua wananisema. Posta akanipokea kwa mikono miwili.

"Mkaguzi mkuu kaja! Lakini nasikia wamekustaafisha. Mimi angalau waliningoja nifike sitini."

"Mimi wamenipa likizo tu, mzee."

"Likizo isiyo na barua hiyo, mwanangu, naijua mimi. Hairudi."

Wazee wakacheka, nami nikacheka, meno tu.

Baba akafunga choki ili hewa ipungue, akavaa glovu, akaisukuma propela mara nne, tano, mpaka injini ikapiga chafya. Akafungua choki. Msukumo wa pili ikawaka. Akaiacha ipate moto, kisha akainama kwenye skrubu ya mwendo mkubwa na kuikaza kidogo. Sauti ikawa nyembamba. Akaikaza tena. Ikawa tamu, inaimba, na mmoja wa wazee akasema, "Eeh, leo ipo!"

Mume wangu akaikumbatia, akainua pua juu.

Nilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, na nikaisikia. Ilishuka. Ilishika, ikashuka tena. Nilimtazama mume wangu usoni. Yeye alikuwa anamtazama Baba, ameganda kama mtu anayepigwa picha. Nikasema moyoni, hajahisi, huyo mwenye mkono wa nguvu hajahisi chochote. Baba akanyanyua dole gumba. Mume wangu akashusha ndege kwenye nyasi.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu: ina njaa. Nafasi ya kulisema ilikuwepo, maana Baba alikagua usukani, akafuta miwani, akatazama upepo. Ningeweza kulisema hata mara tatu. Nikajikausha. Nilifikiri, waache, leo waone nani alikuwa nani.

Ndege ikakimbia, ikapaa, Baba akaipandisha wima kama alivyopenda. Ilipofika juu ya bomba la moshi la kiwanda, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Baba alijaribu kuigeuza irudi uwanjani, lakini mwendo ulikuwa umeshakwisha. Ikalala ubavu, ikaenda kujipigiza kwenye rundo la matofali. Bawa la kushoto lilivunjika mara mbili. Injini iling'oka na ubao wake.

Tulikwenda wote. Baba alifika wa mwisho, anahema.

"Hukuhisi?" alimuuliza mume wangu, mbele ya wenzake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu wa nyumbani.

"Samahani, baba. Sikuhisi."

Naandika kilichokuwepo, kwa hiyo na hili naliandika: nilifurahi. Nilisimama na mtoto mgongoni, ndege ya baba yangu imekuwa kuni, na ndani yangu nilikuwa nafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Baba akachuchumaa, akatoa spana mfukoni, akachomoa plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Akaigeuza geuza vidoleni kwa muda mrefu.

"Si mkwe," alisema mwishowe, akiwa bado ameinama. "Ni masikio yangu. Mimi nilisikia inaimba."

Posta akataka kufanya mzaha, akaanza, akaacha. Miaka thelathini na mmoja Baba alifanya kazi kando ya mtambo wa kuchapa magazeti, kelele zake zikimla masikio, na sisi wa nyumbani tulidhani anatazama sahani kwa sababu ya uzee. Alimpa Posta rimoti ambebee. Hakurusha tena.

Nafasi yangu nikarudishiwa. Baba hakutengeneza mabawa, lakini injini hakuiacha. Aliifunga kwenye meza ya nyuma ya jiko, na kila jioni nikitoka duka la dawa nilipitia kwake. Tuliosha kabureta kwa petroli, tukabadilisha gasketi na mpira wa mafuta, tukasafisha chujio. Kisha aliiwasha, akaweka ncha za vidole kwenye ubao wa meza, akanitazama. "Ina njaa?" Nikasema bado, au nikasema kidogo, naye akageuza skrubu niliyomwambia. Niliyapata yale niliyokuwa nayataka, yote, na zaidi.

Mume wangu alikuja mara kwa mara, kaniletea mtoto anyonye, au kamletea Baba karatasi ya kukatia gasketi. Alisimama mlangoni. Baba alisema, "Asante, mkwe," kisha akanigeukia mimi. Ile sura ya pale mlangoni niliifahamu vizuri, niliivaa mwaka mzima. Ningesema tu, ingia, shika huku. Sikusema. Miezi saba sikusema.

Baba alifariki mchana mmoja akiwa amekaa kwenye kiti chake, mafuta kwenye kucha. Kwenye mazishi mume wangu alilia kuliko mimi, na hata hilo nilimwonea wivu.

Wiki ya sita Mama alisema anaitaka meza yake. Tukaenda kuitoa injini. Tangi lilikuwa kavu. Mume wangu alilegeza nati mbili za kwanza, kisha akaniwekea spana mkononi.

"Malizia wewe. Ilikuwa yenu."

Sijui ni lile neno au ni nini. Nikakaa kwenye kiti cha Baba, nikamwambia. Nilimwambia kwamba Jumapili ile nilisikia, kwamba neno lilikuwa kwenye ulimi nikalimeza, na kwa nini nililimeza. Nilingoja anitukane. Alikunja na kukunjua kitambaa alichokuwa anafutia mikono.

"Mimi pia nilihisi," alisema.

"Ulimwambia hukuhisi."

"Ningesemaje, Mama Mtoto? Wazee wote wanatazama."

"Sasa mbona ulimwacha arushe?"

Akashusha pumzi. "Baba alikuwa hasikii vizuri tangu ukiwa na mimba. Aliniambia peke yangu. Nikiinua, nilikuwa namfanyia ishara, naye anarekebisha skrubu kama vile kasikia mwenyewe. Asubuhi ile ulipotokea akaninong'oneza, leo usifanye ishara, binti yangu ataona. Nikamtii. Nilidhani atajikadiria kwa mazoea. Aliponyanyua dole, ningembishia baba mkwe?"

"Kwa nini nisijue mimi?"

"Alisema wewe ukiinua pua mara moja tu utajua. Na ukijua utamkataza kurusha."

Ningemkataza, kweli. Ningempeleka hospitali, ningemfungia rimoti kabatini, ningefanya yote kwa upendo.

Nilipaswa kuona nafuu. Mume wangu alinyamaza kwa adabu na mimi nilinyamaza kwa kijicho, na angeweza kunitupia hilo usoni, lakini hakunitupia. Badala ya nafuu, wivu ulinirudi mzima mzima. Mwaka ule wote nilipokuwa nanusa mashati, wao walikuwa na siri yao uwanjani, na siri yenyewe ilikuwa inanikwepa mimi. Hata mbavu zangu nilizozitegemea, kumbe na yeye alikuwa nazo.

"Ishara gani?" nikamuuliza.

"Eh?"

"Uliyokuwa unamfanyia. Nionyeshe."

Akaona haya. Kisha akanyoosha mikono mbele kama anayekumbatia ndege, akapeleka kidevu kushoto, kidogo sana, akakirudisha.

"Hiyo ni njaa?"

"Hiyo ni njaa. Kulia, imeshiba."

"Rudia."

Akarudia. Nikamtazama mpaka nikawa na hakika nimeikariri. Kisha nikalegeza nati zilizobaki. Injini na ubao wake havifiki kilo tatu, mtu mmoja anabeba kwa mkono mmoja. Nilishika upande wa silinda, na yeye alipotaka kuniachia nikamwambia, "Shika huko." Akashika. Tukagongana mlangoni, maana mlango ule ni mwembamba, tukarudi nyuma, tukajaribu kwa ubavu.

Mama alikuwa barazani na mjukuu wake.

"Kitu kidogo hivyo," alisema, "mnabeba wawili?"

Tukampita, mimi silinda, yeye ubao.