Kipande cha Uzi

Wageni walikuja kumwona mtoto. Nasema kumwona mtoto kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, siwasingizii. Walinawa mikono, wakapokezana mwanangu, mmoja akasema pua ni ya babake, mwingine akaapa kwamba hata masikio ni ya babake. Mimi niliyembeba na kumsukuma sikuachiwa hata ukucha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa kalio moja, nikitabasamu, na huko chini mshono unaniwaka moto. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuja wengi, na mimi sikupona.

Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alipiga simu kila alipopata mtandao, akauliza kama mtoto hajambo, kama ananyonya, kama kitovu kimekauka. Nikijibu hajambo, ananyonya, kimekauka, basi roho yake inatulia na safari inaendelea. Mtu huyu hawashi gari kabla ya kukagua tairi zote, moja baada ya nyingine.

Mama mkwe alifika kila asubuhi kunipikia uji na kufua nguo za mtoto. Ni mwanamke mwema, lakini heshima baina yetu ni ukuta. Nimfunulie mkwe mapaja? Bora nife na langu. Wa kumwambia alikuwa mama yangu mzazi, naye alitutoka nikiwa bado najifunza cherehani.

Ndiyo, mimi ni fundi wa nguo za kike. Chumba changu cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia, na kioo cha mkononi ambacho wateja hushika ili wajione mgongoni. Kwa hiyo mkunga aliponishona baada ya kujifungua, akaniambia uzi ule hautolewi, utayeyuka wenyewe, nilimwitikia kwa adabu tu. Uzi unaoyeyuka sijapata kuuona. Nilidhani ananituliza, kama mimi ninavyomwambia bibi harusi kwamba hajanenepa, gauni ndilo limebana.

Mengine aliyoniagiza niliyafuata. Nilikalia beseni la maji ya uvuguvugu, nikajikausha kwa kugusagusa bila kusugua, nikabadilisha pedi mara kwa mara. Nikienda haja ndogo nilijimiminia maji taratibu ili mkojo usinichome. Barafu niliifunga kwenye kitambaa safi, nikaiweka kidogo kidogo. Maumivu yakaanza kulegea.

Kisha mchana mmoja, wageni wamekwisha ondoka, nikabadilisha pedi na kukuta kipande cha uzi juu yake. Kifupi, chenye fundo.

Kwa fundi, uzi wenye fundo ukianguka, nguo imefumuka. Hakuna maelezo mengine. Nilirudi kitandani nimebana mapaja, nikalala kama gogo. Kwenda kliniki sikuthubutu, maana niliona kutembea hadi barabarani kungefumua kilichobaki. Nikaacha kunywa maji ili nisiende chooni. Papai na mboga nikaziacha pia, kwa kuwa haja kubwa niliiogopa kuliko nilivyoogopa uchungu wenyewe. Uji wa mama mkwe niliumwaga dirishani akigeuka. Hapo tena choo kikawa kigumu, maumivu yakarudi na ndugu zake, mtoto akalilia maziwa yaliyopungua, nami nikajiambia: si unaona? Mshono umefumuka kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti alikuwa mimi, katika nyumba iliyojaa pongezi.

Mwishowe hasira ndiyo iliyoniinua. Mteja akiniletea nguo na kusema imefumuka, huwa sibishani wala sikisii. Naigeuza ndani nje niangalie. Sasa mwili wangu mwenyewe ndio niukisie? Nikafunga mlango wa mbele, nikanawa mikono, nikachukua kile kioo cha wateja, nikatandika kanga safi sakafuni penye mwanga wa dirisha.

Palikuwa pamevimba, lakini hapakuwa na usaha wala harufu mbaya. Na palikuwa pamefungika. Pale uzi ulipotoka, ngozi ilikuwa imekwisha shikana yenyewe. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa bandi, ule mshono wa muda tunaopiga ili kushikilia vitambaa, kisha tunautoa kazi ikishakamilika. Naipiga kila siku ya Mungu. Mganga hajigangi.

Ndipo nikaiangalia ile kazi kwa jicho la fundi. Mishono midogo, iliyolingana, haukuvutwa hata mmoja kupita kiasi. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa nashonwa, mlangoni alikuwepo mtu akimwita mkunga kwa haraka, naye akajibu bila kuinua kichwa kwamba asubiriwe, bado yuko na mama huyu. Sijui hata jina la mkunga yule. Tangu pale hakuna mtu mwingine aliyekuwa na mimi. Nililia palepale sakafuni, kioo mkononi, kwa upweke ambao nilikuwa nimeuita maumivu.

Nikanywa maji, vikombe viwili mfululizo. Nikala papai lote.

Jioni simu ikalia. Mtoto hajambo?

"Hajambo," nikasema. "Niulize na mimi."

Nilisikia injini ya lori ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Wewe je, mke wangu?"

Nilikuwa na mengi, nikaanza na moja. "Mshono umeshika."



"Kwani ulishonwa?"

Nikajishusha juu ya godoro polepole, kwa makalio yote mawili.

"Nilishonwa," nikamwambia.