Nyundo Haoni Gizani

Kaka yangu ni mpiga picha, na mtu anayeshinda akipima mwanga hawezi kuuacha upite hivihivi hata mchezoni. Kila Jumapili mchana tunakutana studioni kwake, tunatandaza ramani ya mapango mezani, naye anasimulia hadithi. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo, anayekwenda tunakomwambia na kunusurika dadu zikipenda. Akifa, amekufa. Hafufuliwi, hata ulie machozi ya damu.

Wangu ni Nyundo, mwanamke wa vita, na nina miaka miwili naye. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ana kasoro moja tu: ni binadamu. Wifi yangu, mke wa kaka, ana mtu wa msituni mwenye masikio marefu, na kinyozi wa mlango wa pili ana kibete wa mapangoni. Hao wote wanaona gizani. Nyundo haoni. Na kwa sheria za kaka, asiyeona haruhusiwi hata kuitazama ramani, kwa hiyo mwenge ukizimwa mimi nageuza kiti na kukodolea ukuta.

Ukutani kuna pazia la kupigia picha, limechorwa maporomoko ya maji na bata. Bata wale nawajua mmoja mmoja kwa sura. Mapigano yote makubwa ya mwaka huu nimeyasikia nikiwatazama wao.

"Si uchague mtu anayeona, kama sisi?" wifi huniuliza kila wiki. "Unatuchelewesha, wifi yangu, na huo mwenge wako unatuuza kwa maadui."

Jumapili hiyo Nyundo aliumwa na nyoka mlangoni mwa pango. Kaka akatangaza kwamba sumu itammaliza zamu ijayo, ila mle ndani kuna rafu ya mawe yenye chupa mbili: ya bluu ni dawa, nyekundu inaua papo hapo. Mbele ya rafu limelala joka, na mwanga wowote utaliamsha.

"Zima mwenge, dada," kinyozi akaninong'oneza, utadhani joka liko chini ya meza. "Dawa tutakuletea sisi. Kazi ndogo."

Nikazima, nikageuza kiti. Nyuma yangu dadu zilidunda, wifi akacheka, kinyozi akapiga makofi. Walikuwa wamelipita joka bila kulikanyaga hata mkia. Moyo wangu ukaanza kutulia.

"Nimefika kwenye rafu," wifi akasema. "Nachukua ya bluu."

"Ipi?" kaka akauliza.

"Ya bluu, mume wangu. Husikii?"

"Gizani macho yenu hayatambui rangi," kaka akasema, kwa upole wa mtu anayejifurahisha. "Unaona chupa ya kijivu. Na pembeni yake, chupa ya kijivu."

Miaka miwili wananisimanga hawa, kumbe hawajawahi kuona rangi ya kitu chochote!

"Tuzinuse," kinyozi akasema.

"Zimezibwa kwa nta."

"Basi tubahatishe. Ya kushoto, dada, usiogope."

"Kwani unakunywa wewe?" nikafoka, nikimtazama bata, maana ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Wifi akapendekeza turushe sarafu. Hapo damu ikanichemka. Nyundo wangu afe kwa sarafu?

"Naingia pangoni," nikasema, "na nawasha mwenge."

"Usithubutu! Sisi tuko puani mwa joka!"

"Kimbieni, basi. Si mnaona njia?"

Nikageuza kiti. Wakakimbia kweli, wakafika salama mlangoni mwa pango. Nyundo akaiona chupa ya bluu, akainywa, akapona. Nilitaka kushangilia, lakini kaka hakuwa na habari na chupa tena. Alitoa joka lake kwenye droo ya kamera, sanamu aliyoipaka rangi mwenyewe kwa brashi, akaliweka mezani kama anayelaza mtoto.

"Magamba ni ya kijani," akaanza, na sauti ikamtetemeka. "Yakifika shingoni yanageuka dhahabu. Mbawa zina wekundu wa ndani ya ua. Macho ni rangi ya chai." Aliendelea hivyo, amefumba macho, na hakuna aliyemkatiza. Majoka yake yote yaliyotangulia yalikufa gizani, ya kijivu.

"Ni zuri?" akaniuliza.

"Zuri sana, kaka." Nilimaanisha.

Akashusha pumzi, akarusha dadu. Moto. Nyundo hakusalia hata kisigino. Nililia, sioni haya kusema, na kaka naye alilia, ingawa ndiye aliyemuua.

Wifi akanipa kitambaa, akangoja nimalize kupenga.

"Pole, wifi yangu. Sasa mtu mpya utamchagua nani?"

"Binadamu," nikasema.