Mtandao Uitwao Sihami

Katika mtaa mzima wa Woodley, hapa Nairobi, mimi Peres ndiye bibi wa kwanza kuweka intaneti isiyo na waya. Usiende kuulizauliza watu, niamini tu. Waya zenyewe zilikuwa tatu, na nyumba tuliyoiwekea haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani yangu Deepa. Lakini sifa nimezichukua mimi kwa sababu Deepa hapendi makuu.

Ilikuwa mwaka wa 2009, na mwanangu Hezekiah alikuwa ameamua kunihamisha.

Hezekiah amejenga Mutuini, pembeni kabisa mwa jiji. Nyumba nzuri, vyumba vinne na tope la kutosha. Mkewe Jacklyne anafanya kazi mjini, na kila mvua ikinyesha viatu vyake vilikuwa vinapitia kwangu kuoshwa kabla ya kufika ofisini. Siku moja akasimama sebuleni kwangu, akapima dirisha kwa macho, akasema, "Hapa pazia ndefu zingetoka vizuri." Mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini mtu akianza kulipimia dirisha langu pazia, najua ni nani anayehama na ni nani anayeingia.

Haukupita muda, Hezekiah akaanza kuniletea maneno ya dada yake. Lornah ndiye kifungua mimba wangu, ni muuguzi kule Gaborone, Botswana. Marehemu Oloo, mume wangu, alifanya kazi na baraza la jiji ndipo tukapewa hii nyumba, na kabla hajafa alisema mbele ya watoto wote kwamba mambo ya nyumba, neno la Lornah ndilo la mwisho. Sasa Hezekiah peke yake ndiye aliyekuwa anaongea naye, kwa kompyuta ya ofisini. Simu yangu ya kwenda kule ilikuwa inameza salio kabla sijamaliza kuuliza watoto wameamkaje. Lornah naye aliacha kunipigia tangu alipoambiwa masikio yangu yameisha. Aliyemwambia sitamtaja, nimeshamtaja mara nne.

Jumapili ya kwanza: "Mama, Lornah anasema una upweke."

Ya pili: "Lornah anasema Mutuini kuna hewa safi." Lornah huyu huyu, ambaye akiwa mdogo tukimpeleka ushago, kijijini kwetu, alikuwa analia kwamba giza lake ni jeusi sana! Leo anatafuta hewa?

Ya tatu: "Lornah amesema ni Jumapili ijayo. Nitakuja na pikapu saa nane. Funga vitu."

"Na nisipotaka?"

"Mama, usinigombanishe na Lornah. Ni yeye amesema."

Jioni hiyo nikazunguka ua nikaenda kwa Deepa. Deepa ni mjane kama mimi, fundi wa nguo aliyestaafu, tumekuwa majirani tangu watoto wetu wakiwa wanang'oana meno ya utoto. Mwanawe Ishan alimwekea laini ya intaneti, kisha akapata kazi Kisumu, akabeba kompyuta yake akaacha waya umetoka ukutani kama mkia. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na kompyuta ya mapajani, Lornah alinitumia Krismasi kwa mkono wa mwenzake wa kazini. Nilikuwa naitazamia picha za harusi tu. Kwa hivyo mmoja alikuwa na waya, mwingine kompyuta.

"Lete hiyo kompyuta hapa, uchomeke, uongee na mtoto," Deepa akasema. "Kwani ni kazi, Mama Lornah? Dakika tano."

"Nikiongea naye hapa, Hezekiah atasema nimesikia vibaya. Nataka Lornah aingie sebuleni kwangu, akae mezani, na huyo akifungua mdomo awe anamsikia kwa masikio yake."

"Sasa waya ipite juu ya ua?"

"Ipite bila waya."

Deepa akanitazama kama mtu aliyeniona nimevaa kiatu kichwani. Halafu akaenda kuweka chai, na hapo nikajua amekubali.

Jumatatu nikashuka mjini, nikaingia duka moja la vitu vya kompyuta karibu na Moi Avenue. Muuzaji aliitwa Sachin, jina limebandikwa kifuani.

"Sasa Mama, nikusaidie?"

"Nataka ruta. Ile inarusha intaneti ivuke ua."

"Ya mjukuu?"

"Ya bibi yake."

Akacheka, akaleta boksi. "Nani atakuwekea? Fundi wetu anaweza kuja Alhamisi."

"Fundi akija na ngazi, mtaa wote utajua, na mwanangu ana marafiki mtaani. Andika hapa nyuma ya boksi nitakavyofanya. Kwa Kiswahili. Na herufi kubwa, macho yangu si ya polisi wa trafiki."

Akaandika, huku wateja wanamngoja. Waya wa ukutani kwa tundu la bluu. Waya mfupi, tundu la njano mpaka kompyuta. Umeme. Ungoje taa. Andika hizi namba na nukta zake. Itauliza jina, weka admin. Itauliza neno la siri, weka admin tena.

"Huyu Admin ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Ukishaingia, wewe ndiye mkubwa wa hiyo ruta. Hata jina la mtandao unachagua mwenyewe."

Nimefanya kazi ya kanisa miaka thelathini bila kufikishwa hata mweka hazina msaidizi, na hapa napewa ukubwa dukani, nimesimama.

Jumanne tukalifungua boksi juu ya meza ya cherehani ya Deepa. Matundu ya njano yalikuwa manne na la bluu moja. Mimi nikaona hayo mengi ndiyo yenye nguvu, nikachomeka waya wa ukutani kwa njano. Taa zikakataa. Tukangoja. Deepa akaipuliza vumbi, kitu kilichotoka dukani jana.

"Kwani muuzaji aliandika nini?" akauliza.

"Ameandika bluu."

"Na wewe umeweka?"

"Nilikuwa namjaribu."

Nikahamisha. Taa moja ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikaanza kukonyeza. Deepa akapiga makofi. Kwa namba nikasahau nukta moja, nikarudia, ukurasa ukafunguka, nikaingia kama Admin mwenyewe. Ikaniuliza mtandao uitwe nani.

"Andika Deepa na Peres," akasema Deepa. "Itapendeza."

Nikaandika SIHAMI.

"Hiyo si jina."

"Ni jina na ni barua. Anayepita na kompyuta hapo nje aisome." Neno la siri siwaambii, bado linafanya kazi.

Nikaibeba kompyuta kwangu, nikaiweka mezani, nikatafuta. Hakuna Sihami. Jumatano hakuna. Alhamisi nimezunguka ua na kompyuta mikononi kama mtu anayepeleka chai kwa wageni, hakuna. Kumbe nimebaki na siku mbili tu, na vitabu vya Oloo havijui kujifunga. Ijumaa asubuhi nikaingia kwa Deepa bila hodi.

"Ruta iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

Akatoa funguo kiunoni, akanipeleka chumbani. Ana kabati la chuma, lile zito la kijani, ndani mna sari zake na bangili zake za harusi. Akalifungua. Ruta imelala juu ya sari nyekundu, inakonyeza gizani, waya zimepenyezwa kwa mwanya wa chini ya mlango.

"Kitu mpya, Mama Lornah," akasema. "Na wezi wa siku hizi unawajua."

"Deepa, hata wewe nikufungie humo ndani upige kelele, mimi kwangu sitakusikia. Na wewe una sauti!"

Akacheka mpaka akaketi kitandani. Tukavuta waya mpaka jikoni, tukaiweka rafu ya dirisha linalotazama kwangu, katikati ya machupa ya achari ya ndimu ili mwizi adhani ni ya kupikia. Nikarudi kwangu mbio, kama naweza kuita ile mbio. Sihami! Vijiti vinne, vimejaa.

Jumamosi mchana Deepa akaja kunisaidia kumtafuta Lornah kwa Skaipu. Uso ukatokea, mnene kidogo, na sauti ya kuita ng'ombe:

"MAMA! UNANISIKIA?"

"Nakusikia, na Botswana yote inakusikia. Punguza."

"Hezekiah alisema masikio yako..."

"Hezekiah anasema mengi."

Swali lilikuwa ulimini: wewe ndiye uliyesema nihame? Halikutoka. Mimi ninayewasema watu wote, hilo halikutoka. Maana kama angejibu ndiyo, neno lake ni neno la Oloo, ningefunga vitu jioni ile ile na kwenda kuzeeka kwa Hezekiah nikitazama tope. Nikamwambia tu, "Kesho saa nane za huku, uwe mbele ya kompyuta yako. Unyamaze mpaka ushindwe kunyamaza."

"Mama, unapanga nini?"

"Chai."

Jumapili pikapu ikasimama nje saa nane kasoro. Lornah alikuwa ameshaingia, yuko mezani. Nikamfunika, yeye na kompyuta, kwa kitambaa changu cheupe cha kufuma. Kwangu kila kitu kinavaa kitambaa: redio, televisheni, mpaka jagi la maji. Hezekiah akaingia, akaangalia kuta.

"Mama, hujafunga hata sufuria."

"Sihami."

"Tulishaongea."

"Uliongea wewe. Mimi nataka kumsikia Lornah."

"Utamsikia na nini? Hapa hakuna intaneti, na hiyo kompyuta yenyewe umeivalisha nguo!"

"Basi niambie wewe. Neno kwa neno, nisikosee."

Akaketi kiti cha baba yake, akavuta pumzi. "Jana usiku nimeongea naye saa nzima. Alilia, Mama. Akasema, Hezekiah, mtoe Mama pale, hata akikataa mbebe."

"Saa nzima?"

"Saa nzima."

"Na alilia?"

"Mpaka nikamwambia pole."

Nikamimina chai, nikamtilia sukari vijiko vitatu, kwa sababu nilimwona atahitaji nguvu, au nitazihitaji mimi.

"Hezekiah," kitambaa kikasema, "jana usiku nilikuwa zamu wodini mpaka asubuhi. Na habari ya Mama kuhama ndiyo naisikia leo. Huyo aliyekulilia ni nani?"

Akaangalia kitambaa, akaangalia mlango, mwisho akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nakoroga.

"Pengine," akasema, "pengine ilikuwa ni barua pepe."

"Barua pepe iliyolia saa nzima?" kitambaa kikauliza.