Saa Moja Kabla ya Kula

Wenzake walianza kuingiwa na wasiwasi siku Bi Hamira alipokuja kazini amevaa sweta. Lilikuwa sweta zito la shingo ndefu, na alilivaa akiwa hatua mbili tu kutoka kwenye tanuri ambalo huwafanya wengine wavue hata fulana. Jina la Bi Hamira alipewa na wateja, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa mikate yake haikuwahi kukataa kuumuka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwepesi wa mkono na wa ulimi.

Baridi hiyo haikuja peke yake. Alinenepa ilhali hamu ya kula ilikuwa imemtoka. Nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu. Sauti ilikuwa nzito hata mumewe, dereva wa lori aliyekaa safarini wiki nzima, alipopiga simu akaomba apewe mwenye simu. Kilichomtisha zaidi ni kusahau. Alikuwa akiingia stoo, anasimama katikati ya magunia ya unga, na hajui kilichomleta.

Akaenda zahanati. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, aliyeongea haraka kwa sababu benchi la nje lilikuwa limejaa. Alimpima damu, na siku ya majibu akamwambia kwamba tezi yake ya shingoni imelegea, ndiyo maana namba yake iko juu.

"Imelegea na iko juu?" Bi Hamira aliuliza.

Daktari akaeleza kuwa namba ile si ya tezi. Ni ya ubongo, unaoipigia tezi kelele iamke. Tezi ikizidi kulala, kelele nazo zinazidi. Bi Hamira akaitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni hakukumbuka tena kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Mambo mawili tu ndiyo yalimkaa: kidonge kimoja kila siku, maisha yake yote, na ameze saa moja kabla ya kula. Akatega simu imlilie, na hakukosa hata siku moja.

Siku ya nne alikuja wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwalimu mstaafu wa sayansi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata ndugu zake. Miaka thelathini na mbili alikuwa amefundisha watoto kwamba tezi huharibika kwa kukosa madini joto, na shingo yenye rovu aliweza kuichora ubaoni akiwa amefumba macho. Alikisoma kikaratasi cha vidonge mbele na nyuma, asione neno la madini joto popote, akakikunja.

"Wifi," alisema, "hiki kidonge kinaziba pancha tu. Tairi lenyewe ni madini joto."

Kesho yake akaleta chupa ndogo ya matone ya madini joto, na wiki iliyofuata kopo la vidonge vya mwani. Akasisitiza pia chumvi isionewe aibu mezani. Bi Hamira alibaki njia panda. Daktari amesoma, na Mwalimu naye amesoma, tena ni wifi, mtu aliyemuuguza uzazi wa watoto wote watatu. Kumkatalia mmoja ni kumwita mwongo. Akaona bora awaridhishe wote: kidonge cha daktari, matone, mwani, pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu alivyokuwa navyo tangu mwaka jana, vyote akavitia mdomoni kwa mkupuo mmoja.

Hali ikawa mbaya zaidi. Macho yalivimba asubuhi, vidole vikakakamaa, na siku moja alitia chumvi kwenye kinyunya, akazungumza kidogo na mkandaji wa unga, akatia tena. Mikate mia mbili ilirudishwa kabla ya adhuhuri. Mkandaji, mzee mmoja mcheshi, alionja kipande akasema ukitaka kuoka samaki wa chumvi useme mapema. Wote walicheka isipokuwa Bi Hamira, aliyejifungia stoo akalia. Mwalimu aliposikia, akasema mwili wenyewe unadai madini joto, ndiyo maana mkono ulikwenda kwenye chumvi bila kuagizwa. Hilo nalo Bi Hamira aliliamini kwa siku mbili.

Wiki ya nane akapimwa tena. Namba ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Daktari alishika kalamu aongeze dozi, kisha akasita, akamwambia arudi kesho na kila kitu anachokimeza, hata kama ni jani.

Bi Hamira alirudi na mfuko, na Mwalimu nyuma yake, mkoba begani, tayari kwa mjadala. Daktari akavipanga vitu mezani kimoja kimoja.

"Kidonge cha tezi unameza saa ngapi, mama?"

"Saa moja kamili, kama ulivyoniambia. Sijakosa hata siku moja."

"Na siku yako inaanza saa ngapi?"

Bi Hamira alieleza kwamba huamka saa tisa na nusu alfajiri na saa kumi yuko kwenye tanuri. Huonja kinyunya, huonja mkate wa kwanza, na hunywa chai ya maziwa vikombe viwili ili macho yafunguke. Ikifika saa moja asubuhi, simu hulia, naye humeza. Kula kwenyewe, kwa maana ya kukaa mezani, ni saa mbili.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Kosa ni langu," alisema. "Ningesema dakika sitini."

Akaeleza upya, safari hii taratibu. Kidonge kile hutaka tumbo tupu na maji matupu, na baada yake asitie kitu tumboni kwa saa nzima. Chai ya maziwa na mkate humeza dawa kabla ya mwili kuipata. Vidonge vya damu ni vibaya zaidi. Vikae mbali na kidonge hicho kwa muda wa saa nne. Kwa hiyo miezi miwili mizima Bi Hamira alikuwa anameza dawa ambayo sehemu kubwa haikufika.

"Na madini joto?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa bado amesimama.

Daktari akamwambia kwamba hakukosea. Mahali ambapo watu hawapati chumvi yenye madini joto, marovu huwa mengi, na chumvi hiyo imewaokoa wengi. Lakini chumvi ya nyumbani kwa Bi Hamira tayari inayo, imeandikwa kwenye pakiti. Tena kipimo kingine cha damu yake kimeonyesha kwamba askari wa mwili wake mwenyewe ndio wanaoishambulia tezi. Mtu wa namna hiyo akimiminiwa madini joto mengi, tezi inaweza kulegea zaidi.

Mwalimu akakaa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole.

"Sasa mimi nilikuwa naumwa nini?" Bi Hamira aliuliza. "Tezi, saa, au matone?"

"Tezi, mama. Hayo mengine tumekuongezea sisi."

Nje, kwenye benchi, Mwalimu alikaa ameupakata mkoba. Kisha akasimulia jambo ambalo hata mumewe Bi Hamira hakuwahi kulisema. Mama yao alikuwa na rovu, akalificha kwa mtandio miaka mingi, mpaka likambana pumzi, akafia kwenye upasuaji. Mwalimu alikuwa shule ya bweni. Muhula uleule ndipo walipofundishwa habari za chumvi.

"Tangu siku hiyo nikiona shingo naona chumvi," alisema.

Hasira ambayo Bi Hamira alitoka nayo ndani haikujua tena imwangukie nani.

Utaratibu mpya haukuwa rahisi. Kidonge na maji vilihamia kando ya kitanda, chai ikasogezwa mbele, na kuonja kinyunya alfajiri akaachiwa mkandaji, aliyelalamika kwamba cheo kimekuja bila mshahara. Baada ya wiki nane namba ilishuka sana, na Bi Hamira akaanza kukumbuka kilichompeleka stoo. Hapo ndipo daktari alipoongeza dozi kidogo. Bi Hamira akauliza mbona anaongezewa wakati anapona, na alipokuwa anadorora hakuongezewa. Akajibiwa kwamba wakati ule dawa ilikuwa haifiki, sasa inafika ila haijatosha. Alimwomba arudie mara mbili, akaelewa, na jioni akashindwa kumweleza mumewe.

Mwalimu naye alikwenda kupimwa. Majibu yakatoka: tezi yake ni nzima kabisa. Badala ya kufurahi, aliuliza kama mashine haikukosea. Bi Hamira akamshika mkono wakatoka. Njiani Mwalimu akataka kujua kama mama yao alikuwa amekosa chumvi tu, au naye alikuwa na askari wa namna ile.

"Sijui, wifi," Bi Hamira alisema.

"Mimi pia sijui," alisema Mwalimu, na lilikuwa neno ambalo Bi Hamira hakuwahi kulisikia kinywani mwake.