Nzi wa Manyoya na Ng'ombe wa Sebagabo

Aliyewapeleka wazungu kuvua kwenye vijito vya milimani alikuwa na sheria moja: mzungu atazame mbele, yeye atazame nyuma. Uvuvi ule haukuwa wa nyavu na mitumbwi kama wa ziwani Gisenyi. Mzungu alirusha mshipi nyuma kwanza, ukapita juu ya bega, kisha akaurudisha mbele ili ndoano iliyofungwa manyoya ya jogoo itue majini kama nzi. Samaki wa kigeni walioitwa truti walidanganyika, wakaidaka. Kazi ya Wellars Hitimana ilikuwa kusimama nyuma na kuonya kukiwa na tawi au mpita njia.

Kwa kawaida aliifanya vizuri. Ila asubuhi ile ya mwaka hamsini na sita, Musiyo Pirson, mzungu wa shamba la pareto, alichagua kijito kinachopita chini ya nyumba ya mzee Sebagabo, juu ya Rugerero. Kule juu uani Donatha, binti wa mzee, alikuwa akianika mtama. Sasa mwambie kijana aliyependa atazame matawi!

Mshenga alikwisha kupeleka neno, na Sebagabo alikuwa amekubali kumwona kijana Jumapili. Alikuwa ameambiwa kwamba Wellars anatembeza wazungu milimani, na huo ulikuwa ukweli. Neno samaki mshenga alilimeza, naye alijua kwa nini. Wellars alizaliwa ufukweni, kwa wavuvi, na Sebagabo alikuwa mtu wa ng'ombe hadi kwenye mifupa. Kwake mtu aliyekula samaki hakugusa maziwa siku hiyo, la sivyo kiwele cha ng'ombe kingekauka. Na mchumba asiyepewa maziwa nyumbani kwake basi ajue hana mke pale.

Wellars alikuwa bado anautazama mtama wakati Bihogo, ng'ombe kipenzi cha Sebagabo, aliposhuka kunywa maji nyuma ya mzungu. Mshipi ukaenda nyuma, haukurudi. Ndoano ilikuwa imenasa kwenye sikio la Bihogo, naye akatimua mbio kupanda mlima, huku gurudumu la kukunjia mshipi likilia kwenye ufito mikononi mwa Pirson.

"Iko mukubwa," alisema Pirson, uso umemng'aa, bila kugeuka. "Wellars, iko mukubwa sana."

Ilibidi Wellars amwambie kwamba samaki wake ana pembe. Akatoa kisu, akakata mshipi, akamfuata ng'ombe. Alijua wafugaji huwatuliza ng'ombe kwa kuwaimbia sifa, lakini yeye sifa za ng'ombe angezitoa wapi? Alizijua nyimbo za makasia tu. Akaimba ule wa kuvuta mtumbwi upepo ukiwa mkali, taratibu, akisogea hatua kwa hatua. Bihogo akasimama, pengine kwa mshangao. Wellars akamkuna shingo, akachomoa ndoano bila kumwaga damu ya kutisha.

Alipoinua kichwa, Sebagabo alikuwa amesimama juu yake na fimbo. Mzee aliuliza jina, akalisikia, akaelewa ni nani aliye mbele yake. Akalikagua sikio pande zote mbili, akasema hajawahi kusikia wimbo mbaya kama ule tangu azaliwe. Kisha akacheka, akamwita binti yake alete maziwa. Jumapili ya nini, alisema, ikiwa kijana amekwisha kujileta?

Donatha akashuka na kibuyu, macho chini, tabasamu likimshinda. Wellars alikipokea kwa mikono miwili. Alichokuwa akikiomba kwa Mungu miezi yote kilikuwa kimefika mdomoni. Ila muda mfupi tu uliopita, kandokando ya kijito, yeye na Pirson walikuwa wamechoma truti kwenye makaa, na nusu nzima ilikuwa tumboni mwake. Pirson alikuwa mbali akikunja mshipi uliobaki. Hakuna ambaye angesema. Wellars alimtazama Donatha, akaona aibu, akakirudisha kibuyu.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Mi niko mutu wa ziwa. Leo asubuhi nimekula samaki. Nikikunywa hii maziwa, nitakuharibia ng'ombe."

Tabasamu la Donatha likapotea. Sebagabo akachora chini kwa fimbo.

"Na kama ungekunywa, nani angejua?"

"Bihogo, mzee."

Mzee akamgeukia ng'ombe wake kama anayemwuliza maoni. Kisha akakichukua kibuyu, akampa binti yake akirudishe.

"Bon, basi. Jumapili ukuje," alisema. "Ukuje na tumbo safi. Maziwa iko, itakungojea."

Wellars aliteremka hadi Gisenyi bila kuhisi ardhi chini ya miguu, kikapu cha samaki wa Pirson mgongoni. Jioni mama yake alimwekea samaki wa kuchoma, mkubwa, aliyemchagua mwenyewe kutoka mtumbwini. Wellars akamsukuma kando samaki yule na kuomba maharage. Mama akaacha kila kitu, akaja kumshika paji la uso kuona kama ana homa.